Jinsi Nilivyokaanga Viatu Kaloleni

Tangu nishuke garini na hivi viatu miguuni, sijamaliza kikombe cha chai bila mtu kuniuliza. Kila aliyeuliza nimempa kipande, na sasa vipande vinagongana huko ufuoni. Nasikia Min Ouko, huyo mama yake Ouko, anatangaza kwamba Kisumu nililishwa kiatu. Sikulishwa. Mimi ndiye niliyelisha watu. Basi nimekaa nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu, ili wote msome kitu kimoja.

Mguu wangu wa kushoto mnaujua. Vidole vilishikana na kupinda tangu nilipokanyaga makaa nikiwa mtoto, na tangu hapo hakuna kiatu cha dukani kilichoukubali. Nimetembea na akala za tairi mpaka uzee. Harusini akala, matangani akala, kwenye meza ya Bwana akala. Siku moja mjukuu wangu Awuor, yule wa marehemu binti yangu Adhiambo, akanipigia simu kutoka mjini.

"Dani, njoo nikupime mguu." Dani ni bibi, ndivyo wajukuu wangu wanavyoniita. "Nitakutengenezea viatu vya ngozi ya mbuta."

"Ngozi ya mbuta huliwa," nikamwambia.

"Hii haitaliwa, Dani."

"Na nikivaa samaki, si paka watanifuata mpaka kanisani?"

Alicheka mpaka simu ikakatika. Nami nikafunga mkoba wangu.

Usenge mpaka Kombewa

Nilipanda gari la Oluoch, mtoto wa Nyangweso, anayepeleka samaki mjini kwa barafu. Alinikalisha mbele kama mke wa chifu. Kabla hatujaondoka nilimwona yule mkwe wa Min Ouko akifagia ufuo, na nawaambia ukweli, kwenye lile rundo lake viatu vilikuwa vingi kuliko samaki. Pata pata za kila rangi, raba zilizoachama, soli bila wenyewe. Ziwa linatutapikia. Tunavinunua leo, kesho kamba imekatika, keshokutwa mawimbi yanaturudishia.

"Hivi vyote vilikuwa fasheni," Oluoch akasema.

"Fasheni ya nani?"

"Ya mwaka jana, mama."

Tulienda vizuri mpaka Kombewa, hapo gari likaanza kulia kama mbuzi. Mkanda umekatika. Oluoch akatafuta wa kumkimbiza dukani na pikipiki, mimi nikabaki na barafu inayotiririka chini ya gari, na mbwa wawili wanaolamba yale maji.

Kombewa, tukingoja mkanda

Niliketi kwenye benchi nje ya hospitali, kwa sababu ndilo lililokuwa na kivuli. Mama mmoja alikuwa hapo na sufuria ya nyoyo, mahindi na maharage yaliyoiva mpaka yakalegea. Hakuniuliza kama nina njaa. Alinipa kijiko. Jina lake Peres Adoyo, ameolewa Seme, na mumewe alikuwa amelazwa ndani kwa ajili ya mguu wenye kidonda kisichofunga.

"Kiatu ndicho kilichomla," akasema. "Cha plastiki. Alikinunua kikiwa kinang'aa, kikamchubua, akanyamaza kama wanaume wanavyonyamaza."

Akautazama mguu wangu. Akauliza naenda wapi. Nilipomwambia naenda kutengenezewa kiatu cha samaki, alikiweka kijiko chini pole pole.

"Mama, kuna mtu wa kukupokea huko Kisumu?"

"Yupo. Mjukuu wangu."

"Mzima?"

Nikamwambia ni mzima. Aliniongezea nyoyo hata hivyo, nyingi, kama anayemlisha mgonjwa. Mkanda ulipopatikana, jua lilikuwa limeinama na Oluoch alikuwa anaongea na samaki wake kama watoto, akiwaomba wavumilie.

Kaloleni

Nyumba anamoishi Awuor hapo Kisumu ni ya Bi. Zainabu binti Juma. Babu yake alikuja na reli kutoka pwani, bibi yake alikuwa Mluo wa Kano, na yeye amezaliwa hapo hapo Kaloleni katika zile nyumba za zamani za baraza la mji. Anavaa buibui na anatukana Kijaluo vizuri kuliko mimi. Nyuma ya nyumba ana yadi, na kwenye yadi hiyo yeye na Awuor ndio wanaochua ngozi za samaki mpaka zifae viatu.

Jioni ile nilikuwa nimechoka, nilionyeshwa ngozi moja tu iliyokwisha kutengenezwa. Awuor aliiweka mapajani pangu. Nikaigeuza huku na huku. Ilikuwa laini kama sikio la ndama, na pale magamba yalipokuwa yamekaa palibaki vijumba vidogo vidogo, safu kwa safu, kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye subira isiyo na mwisho. Nikainusa. Haikunuka kitu. Nimepara samaki tangu sijaota meno ya utu uzima, na sikuwahi kujua kwamba ninatupa kitu kama kile.

"Vuta," Awuor akasema.

Nikavuta. Zainabu akashika upande wa pili tukavutana kama watoto wanaogombania mua, haikuchanika.

Wakanieleza kilichokuwa mbele yao. Kuna mama wa Nairobi, Mwende, anayeshona viatu. Ameacha kutumia plastiki na anataka ngozi ambayo ingetupwa. Alikuwa anakuja kuona kama wanaweza kumpa ngozi kubwa, zinazofanana, za kutosha kuanzia kazi. Akiridhika, atachukua kwao kila mara. Asiporidhika, yadi inafungwa, maana kaka yake Zainabu anaitaka iwe maegesho ya pikipiki, na Zainabu amemzuia kwa neno moja tu: ngoja huyo mama aje.

"Ngozi zenyewe tumezikusanya moja moja," Awuor akasema. "Mbuta wakubwa wamekuwa adimu. Tumezunguka kwenye hoteli za samaki mpaka wapishi wanatukimbia."

Mimi niliitikia, lakini usingizi ulikuwa umenishika. Sikuuliza hizo ngozi ziko wapi. Hilo ndilo lililonitia matatani.

Asubuhi ya karai

Mnanijua siwezi kulala jua likitoka. Na siwezi kukaa kwenye nyumba ya watu mikono mitupu. Niliamka, wao bado wamelala, nikaingia jikoni kutafuta cha kuwaandalia. Chini ya meza kulikuwa na ndoo yenye kifuniko, juu yake jiwe. Nikafunua. Ngozi za mbuta, kubwa, safi, zimelala kwenye chumvi.

Sasa niambieni, nyinyi wenyewe. Samaki kwenye chumvi, jikoni, chini ya meza. Kuna mwanamke wa Usenge ambaye angewaza kiatu?

Nikazisuuza. Nikazipara magamba yaliyobaki. Nikakata vipande, nikapasha mafuta, nikazikaanga mpaka zikajikunja na kulia kwenye karai. Moja ilikuwa kubwa mno, ya mbuta baba wa mbuta, na sikuwa na moyo wa kuikata. Niliikunja nikairudisha kwenye chumvi, nikisema hii itafaa mchuzi wa jioni.

Zainabu aliingia akifuata harufu. Nikammiminia chai ya tangawizi. Akachukua kipande, akatafuna, akafumba macho.

"Mama, hii umetoa wapi? Ni tamu hivi."

"Si hapa hapa. Kwenye ndoo."

Akaacha kutafuna. Akatazama chini ya meza. Alikishika kile kipande kilichobaki mkononi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota pete ya mtu, akakirudisha kwenye sahani taratibu sana.

"Awuor," akaita, sauti yake ndogo. "Amka, dada. Bibi yako amekaanga viatu."

Awuor alikuja, akafunua ndoo, akaketi sakafuni. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alifunika uso kwa leso, na mimi nikasimama pale na mwiko, mafuta yanachuruzika. Nikaona yadi imekwenda. Nikaona pikipiki zimejipanga pale.

Baadaye alimpigia Mwende akamwambia ukweli, bila kuongeza wala kupunguza. Simu ilikuwa kwenye spika. Yule mama wa Nairobi akauliza, "Zilikuwa tamu?"

"Sana," Zainabu akajibu kwa mbali.

Mwende akasema atasogeza safari yake mpaka mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo atatafuta kwingine, kwa sababu na yeye ana watu wanaomngoja. Awuor akashukuru. Mimi nilikuwa nimesema nitakaa Kaloleni mwisho wa wiki tu. Nilifungua mkoba nikatoa nguo zangu, nikazitundika.

Obunga

Ngozi nyingi kiasi kile zilikuwa mahali pamoja tu, mtaa wa Obunga. Kule ndiko viwanda vinakomwaga mabaki baada ya kutoa minofu, na akina mama wanakaanga kile tunachokiita mgongo wazi, mifupa yenye nyama kidogo, kichwa na mkia. Ngozi zenye mafuta wanazitia motoni chini ya makarai. Zinawaka kweli kweli. Awuor alikuwa amewahi kuwaomba wakamfukuza.

Tulienda wote watatu. Moshi ule, jamani. Makarai yamepangwa kama ngoma, mafuta meusi, akina mama wamejifunga vitambaa puani. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu anaitwa Rosa Achieng'. Hakuacha kugeuza mifupa yake.

"Ndiye huyu?" akauliza. Habari ilikuwa imefika kabla yetu. "Mama, ni wewe uliyekaanga viatu?"

"Ni mimi."

"Ulivitia chumvi?"

"Vilikuja na chumvi yake."

Wakacheka karai kwa karai mpaka mwisho wa safu. Nikaacha wacheke, walikuwa na haki. Kisha Rosa akasema, na hapo hakucheka, "Sasa mnataka ngozi zangu ziende zikavaliwe Nairobi. Mkizichukua nitapikia nini? Kuni mnajua zilivyo. Hii ndiyo kuni yangu."

Lilikuwa neno la kweli. Mimi nilikuwa namtazama Rosa usoni. Lile paji lake, na vile alivyosimama ameegemea mguu mmoja.

"Wewe ni wa kwa Anyango," nikamwambia. "Anyango nyar Uyoma, binti wa kule Uyoma, aliyekuwa na pengo hapa mbele. Tulianika dagaa wa omena jirani kule Usenge. Nyavu zake zilipakana na zangu. Kabla yako alizaa mapacha, Apiyo na Adongo. Adongo hakukaa. Alizikwa kabla ya mvua ndefu, na mama yako aliendelea kumwita jioni akiwaita watoto waje kula, akisahau."

Mkono wa Rosa ukasimama. Mifupa ikaanza kuungua. Mwanamke wa karai la pili akaja akaigeuza kwa ajili yake.

"Hakuna mtu ametaja Adongo tangu mama afe," akasema.

"Mimi namtaja. Majina ndiyo niliyosomea."

Akatuvutia mitungi ya mafuta tukaketi. Akanipa kichwa cha mbuta, jicho upande wangu, heshima ya mgeni. Tulizungumza habari za Anyango mpaka machozi na moshi vikawa kitu kimoja. Halafu Rosa akajipangusa, akasema, "Lakini jina la Adongo haliwashi moto wangu, mama."

Hapo nikakumbuka rundo la magome. Kwenye yadi ya Zainabu wanachulia ngozi kwa magome ya mti wa muwati yanayoletwa kutoka Nandi. Wakishayaloweka na rangi ikatoka, wanayarundika ukutani, na yalikuwa yamefika dirishani. Nikamuuliza Awuor kwa nini hayachomwi. Akasema wanangoja kupata mahali pa kuyatupa. Nikasema, "Basi mahali tumepapata. Tumekalia mitungi yake."

Msidhani yaliisha hapo kama hadithi ya watoto. Gunia la kwanza tulilopeleka lilikuwa bado na unyevu, moshi ukafukuza wateja, na Rosa akatuma mtu kusema kwamba sisi ni wachawi. Tukayaanika juu ya mabati siku za jua kali, tukapeleka tena. Safari hiyo alijaribu kwenye karai moja, akatazama makaa. Kesho yake ngozi zilikuja zimefungwa kwenye gunia, kubwa, zimechaguliwa, na juu yake kiazi kitamu kimoja kwa ajili yangu.

Yadi ya Bi. Zainabu

Sasa ndipo nilipoona. Nisamehe Mungu, nimeishi kandokando ya ziwa maisha yangu yote na nilidhani nimemjua samaki.

Kwanza ngozi inaparwa nyama yote, na ile nyama inarudi Obunga, inakaangwa. Halafu inalala kwenye chokaa, inavimba, inakuwa kama kioo cha maji, ukiiinua unauona mkono wako upande wa pili. Inaoshwa, inaoshwa tena. Maji hayaendi mtaroni. Zainabu amechimba shimo la mchanga na kokoto, yanapita humo pole pole, na yakitoka anamwagilia sukuma wiki. Alinikazia macho aliponieleza. "Ziwa lile lile tunanywa, mama. Siwezi kutengeneza kiatu cha mtu nikamtilia sumu kwenye chai."

Kisha magome. Siku ya kwanza ngozi ni ya samaki bado, inateleza, inataka kukukimbia. Inakaa kwenye yale maji mekundu, unaigeuza asubuhi, unaigeuza jioni, na siku moja unaingiza mkono na kitu kinachokushika si samaki tena. Siwezi kuwaambia ni saa ngapi inageuka. Nilijaribu kuivizia. Niliketi pale na kiti changu kama anayengoja ng'ombe azae, Zainabu akanicheka, nikaenda kunywa chai, niliporudi ilikuwa imegeuka.

Wanaipaka mafuta, wanaitandaza kwenye ubao kivulini. Nyingine walizipaka rangi ya mizizi na maganda ya vitunguu. Zilipojipanga ukutani, jua la jioni likipenya kwenye nguo za jirani na kuzigusa, nilisimama nikavua kitambaa changu cha kichwa. Sikujua nimekivua mpaka Awuor aliponiuliza kwa nini.

Mwende alikuja mwisho wa mwezi, mtu mfupi, mkimya, amevaa raba za kawaida. Hata chai aliikataa kwanza. Alikunja ngozi, akainusa, akalowesha pembe kwa mate, akavuta. Akaenda kwa nyingine. Kaka yake Zainabu alikuwa mlangoni na rafiki zake wawili wa pikipiki, wanapima yadi kwa macho. Awuor alikuwa ameshika mkono wangu, na kucha zake ziliniingia.

"Ni nzuri," Mwende akasema. "Zikiisha, mtapata wapi nyingine kama hizi?"

Awuor alifungua mdomo. Kabla hajajibu, Rosa, aliyekuwa amekuja kuchukua magome yake, akatua gunia chini.

"Kwangu," akasema. "Lakini usituletee haraka ya Nairobi, dada. Samaki mkubwa hazaliwi kwa simu. Utachukua wanaokuja, na wasipokuja utangoja kama sisi."

Nikasema kimoyomoyo, Rosa, umetumaliza. Mwende alimtazama Rosa, akatazama gunia, magome, mikono yake yenye mafuta. Kisha akavuta kiti.

"Hilo ndilo nililotaka kusikia kwa mtu," akasema. "Sasa nipeni hiyo chai."

Kaka yake Zainabu aliwaambia rafiki zake kwamba kuna yadi nyingine karibu na msikiti.

Kurudi

Ile ngozi kubwa niliyoiacha kwenye chumvi haikufanana na wenzake, kwa hiyo Mwende hakuihitaji. Awuor aliupima mguu wangu wa kushoto kwa karatasi, akaupima kwa uzi, mwisho akafumba macho akaupima kwa viganja, kidole kwa kidole, kama mama yake alivyokuwa akinikanda. Viatu hivi vimetoka humo. Cha kushoto hakifanani na cha kulia. Kinafanana na mguu wangu.

Kombewa nilimwomba Oluoch asimame, ingawa safari hii gari lilikuwa zima. Peres Adoyo hakuwepo kwenye benchi. Muuza chai akaniambia mumewe ameruhusiwa, na ametoka kwa miguu yake. Nikakaa mahali pake kidogo, nikanyoosha miguu, kwa ajili yake, ili angalau benchi lione.

Na mlioniona nikishuka ufuoni mliona nilivyosita. Nilikuwa nimemwona paka wa Min Ouko, yule mwizi mwenye sikio moja, anakuja moja kwa moja. Nikasimama. Akanusa cha kushoto. Akanusa cha kulia, akarudi kwa cha kushoto tena, akaniangalia usoni kama anayetaka maelezo. Halafu akaniacha, akaenda zake kwenye beseni la Min Ouko, akabeba omena.